Kupaa na helikopta Dodoma upepo unapogeuka

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko kama futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 6,600 hivi, na akiba ya nguvu inabaki kiduchu. Upepo ambao Dar es Salaam ungekutikisa tu, hapa unakurudisha chini.

Kwa hiyo uzito upangwe kwa jedwali la kuelea (kusimama hewani) mbali na ardhi, lililo kwenye kitabu cha helikopta, hata kama utaelea mita moja tu. Sababu ni hii: panga kubwa la juu hupata mnyanyuo wa ziada likipitiwa na hewa ya kasi ya kilomita 30 hadi 45 kwa saa. Inayohesabika ni kasi ya hewa, si ya ardhi. Upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa ukigeuka kuwa wa nyuma wa 20, umepoteza 40 papo hapo. Rubani akivuta kolektivu (wenzo wa kupandisha na kushusha) kufidia wakati injini imefika ukomo, mzunguko wa mapanga unashuka, na helikopta nayo inashuka.

Tazama mfuko wa upepo dakika nzima kabla ya kunyanyuka. Kwenye uwanja wa shule kijijini, chomeka fito mbili zenye vitambaa, kila moja upande wake. Vikipepea pande tofauti, subiri. Kiangazi, jua likishapanda, hofia chamchela: pasipo na vumbi la kubeba haionekani kabisa. Kati ya Desemba na Aprili hofia wingu la mvua, maana upepo baridi unaomwagika chini yake hutangulia mvua kwa kilomita nyingi. Kusubiri nusu saa si aibu.

Nyanyuka pua ikielekea upepo unakotoka, elea, soma kipimo cha nguvu. Kikigusa ukomo, tua, punguza mzigo.

Kwa helikopta kama Robinson R44, ambayo panga lake huzunguka kinyume cha saa ukilitazama kutoka juu, upepo wa kushoto hulinyima panga la mkiani nguvu na pua ikageukia kulia ghafla. Kanyaga pedali ya kushoto hadi mwisho, sukuma saikliki (usukani wa mkononi wa kuelekeza helikopta) mbele upate kasi. Kimo kikiruhusu, punguza nguvu. Helikopta ya AS350 panga lake huzunguka upande wa pili, kwa hiyo mambo ni kinyume chake.

Mguu mmoja wa helikopta ukinasa kwenye tope huku upepo ukisukuma ubavuni, helikopta huanza kulalia mguu huo. Ikipita nyuzi 5 hadi 8, saikliki haiirudishi tena. Shusha kolektivu taratibu mara tu inapoanza kuinama. Kuivuta juu ndiko kunakoipindua.