Somo: Kupima pango kwa skana ya leza ya mkononi

Somo hili linafuata kazi moja tu, nayo ni kupima pango la mawe ya chokaa lenye njia nyembamba, kama yale ya Amboni, Tanga. Skana ni mashine inayopima umbali hadi kwenye kuta kwa mwanga wa leza. Chini ya ardhi ishara za satelaiti zinazoonyesha mahali ulipo hazifiki. Kwa hiyo programu ya skana hulinganisha umbo la kuta linaloonekana sasa na lile lililoonekana punde, ikisaidiwa na kihisio cha mwendo, kisha hukokotoa njia uliyopita. Kosa dogo la kila hatua hurithiwa na hatua inayofuata, ndiyo maana ramani nzuri hutegemea miguu ya mpimaji kuliko bei ya mashine.

Hatua ya 1. Ukishapata kibali, ingia kwanza bila skana, ukiwa na kofia ngumu na taa mbili. Tazama maji, mashimo na mahali popo wanapolala, kisha chora kwenye karatasi mzunguko utakaoufuata.

Hatua ya 2. Weka alama za udhibiti, yaani alama ambazo mahali pake hupimwa kwa usahihi ili ramani ishikizwe kwazo, zisizopungua tatu, zisizokaa kwenye mstari mmoja. Zisirundikane mlangoni, kwa sababu ramani iliyoshikiliwa upande mmoja huyumba upande wa pili. Zipimwe kwa totali stesheni (kifaa cha kupimia pembe na umbali) kuanzia nje, penye viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali, vinavyojulikana.

Hatua ya 3. Iwashe skana ikiwa imetulia juu ya jiwe, uiache kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji, kisha tembea kama mtu aliyejitwika mtungi wa maji. Kwenye upenyo, pita ubavu polepole ili skana ione chumba unachotoka na unachoingia kwa wakati mmoja. Mimi niliwahi kukata kona kwa haraka, na ofisini ukuta mmoja ukaonekana miwili, shubiri nzima kati yake. Ilinilazimu kurudi kupima upya. Mwishoni rudi ulipoanzia, maana programu ikipatambua mahali hapo husambaza kosa lililolimbikizana katika njia nzima. Pango refu ligawe katika mizunguko mifupi inayopishana.

Hatua ya 4. Ukishachakata wingu la nukta, yaani mkusanyiko wa nukta zote zilizopimwa na skana, likate vipande vyembamba na uangalie kama kila ukuta una mstari mmoja. Bakiza alama moja ambayo hukuitumia kurekebisha, iwe shahidi wako wa usahihi wa ramani.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Mwalimu, njia ya mgodi wetu imenyooka na kuta zake ni laini, lakini ramani imetoka fupi kuliko hali halisi. Kosa liko wapi?
Jibu: Kuta zikifanana mbele na nyuma, programu haina cha kuitambulisha kwamba umesogea. Panga masanduku kando ya njia kwa nafasi zisizolingana, na uongeze alama za udhibiti.

Swali: Penye dimbwi naona tundu, na chini yake kuna nukta zinazoelea. Je, kuna chumba kingine huko?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Maji hufyonza sehemu ya mwanga wa leza, na sehemu nyingine huakisiwa hadi darini. Mashine, ikidhani mwanga umenyooka, huichora dari hiyo chini ya sakafu. Zifute nukta hizo, na kina cha maji ukipime kwa fimbo.

Swali: Je, naweza kuingia nayo katika mgodi wa makaa ya mawe?
Jibu: Usiingie nayo, isipokuwa iwe imeidhinishwa kutumika penye gesi ya methani, inayoweza kulipuka. Skana za kawaida hazijaidhinishwa hivyo.