Somo: Kununua gari la kulala (kempa) lililotumika, lililofungwa fowili (mfumo wa kuendesha matairi yote manne) na gereji

Swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei wala kilomita. Muulize: difu ya mbele (boksi la gia katikati ya ekseli) imetoka gari gani? Akijibu "fundi ndiye anajua", mwombe namba ya fundi kabla hujalala chini ya gari. Kempa iliyofungwa fowili nje ya kiwanda hubeba vipuri vya magari mawili, pengine matatu: difu ya hili, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya lile, propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) iliyokatwa na kuunganishwa. Kadi ya gari haitakwambia lolote kati ya hayo, na siku beringi ya habu ikifa ukiwa Pangani, duka la vipuri litataka jina la gari.

Kazi za kampuni zinazojulikana, kama Quigley wa Marekani kwa van za Ford au Iglhaut wa Ujerumani kwa Sprinter, zinaweza kufuatiliwa kwa aliyezifunga. Kazi ya mtaani si lazima iwe mbaya, ila dai orodha iliyoandikwa: difu, transfa, habu, krosi (viungo vya propela), breki za mbele.

Hatua ya 1: Uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Hapa usione haya kuchafuka, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea. Weka kabari kwenye matairi yanayobaki chini, giaboksi nyutro, transfa kwenye tuwili (matairi mawili tu yanaendesha). Inua tairi moja la nyuma, weka stendi (usitegemee jeki peke yake), kisha achia hendibreki. Chora alama ya chaki kwenye propela. Zungusha tairi mara 20, mwenzako ahesabu mizunguko ya propela, kisha gawa kwa 10. Propela ikizunguka mara 41, difu ni 4.10, ikizunguka 43, ni 4.30. Rudia mbele, habu zikiwa zimefungwa (zimeunganisha tairi na ekseli). Tairi likigoma kuzunguka peke yake, huenda difu ina loku (inayolazimisha matairi yote mawili yazunguke pamoja): inua yote mawili ya ekseli hiyo, zungusha yote kwa pamoja mara 10, ugawe vilevile kwa 10.

Namba ya mbele na ya nyuma zisipolingana, acha gari hapohapo. Ukiweka fowili, transfa ya kawaida huzifunga propela zote mbili zizunguke sawasawa, 4.10 mbele na 4.30 nyuma ni tofauti ya karibu asilimia 5, na lazima ilipwe na kitu. Kwenye mchanga italipwa na matairi yanayoteleza. Kwenye ardhi ngumu itakuwa cheni ya transfa, krosi au meno ya difu.

Hatua ya 2: Je, fowili inashika? Zima injini, inua tairi moja la mbele, funga habu, weka gia ya kwanza (au P kwa otomatiki) na transfa kwenye fowili. Tairi lile licheze kidogo tu, lisizunguke. Ukirudisha tuwili na nyutro, lizunguke. Kinyume cha hapo, ulichoonyeshwa ni lever tu.

Hatua ya 3: Mafuta. Fungua nati ya kujazia ya kila difu na ya transfa. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingia maji. Difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia sili. Ndiyo maana paipu ya kupumulia inatakiwa ipandishwe juu, usawa wa injini. Uji laini wa chuma kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vyenye ncha si kawaida.

Hatua ya 4: Pembe za propela. Gari likiongezwa kimo, krosi hukunjwa zaidi. Kwa propela yenye krosi moja kila upande, flanji (bamba inapofungwa propela) ya transfa na ya difu ziwe sambamba. Pima kwa programu ya mwinamo kwenye simu. Tofauti ikizidi karibu nyuzi 1, tegemea mtetemo ukifika mwendo wa lami. Yenye krosi pacha upande wa transfa ina hesabu yake: shingo ya difu huelekezwa kwenye transfa.

Kagua pia paipu za breki za mbele, ekseli ikining'inia na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande. Zisivutike. Sehemu zilizochomelewa kwenye chesisi gonga kwa nyundo ndogo. Chumvi ya pwani hii huanzia hapo, chini ya rangi mpya inayong'aa.

Hatua ya 5: Uzito. Jaza maji (lita 100 ni kilo 100), mafuta na mtungi wa gesi, kisha pima kila ekseli peke yake. Linganisha na uzito wa mwisho wa kila ekseli kwenye kibao cha mlangoni, si jumla pekee.

Nyumba yenyewe: angalia nyufa pembeni mwa madirisha na inapokutana kebini na boksi. Chesisi ikijipinda porini, mpasuko huanzia hapo.

Jaribio la mwendo: panda Mombo hadi Lushoto kwa tuwili ukiangalia joto la injini, ushuke ukisikiliza breki. Fowili ijaribu kwenye mchanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, gari ni la mtalii aliyeliendesha kutoka Ulaya, bei imelala. Kuna shida?
Jibu: Kama liliingia kwa kibali cha muda au "carnet" (kitabu cha forodha cha kupitisha gari mpakani kwa muda), ushuru haujalipwa. Malizaneni na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujatoa hela. Usikubali "utalipia baadaye", maana deni ndilo lililoilaza hiyo bei.

Swali: Amefunga matairi ya 245/75R16, awali yalikuwa 225/75R16. Nayaacha?
Jibu: Kipenyo kimeongezeka asilimia 4: dashibodi ikisoma 80, unakwenda kama 83. Hilo linavumilika, kaka. Hakikisha tu yote manne ni saizi moja na yamelika sawa. Pima mzingo kwa futi ya fundi cherehani. Jina lililoandikwa ubavuni halitoshi.

Swali: Muuzaji anasema fowili yake ni ya kudumu, hata lami inaruhusiwa. Namwaminije?
Jibu: Tafuta difu ya kati (inayoziachia propela mbili zizunguke kwa kasi tofauti) ndani ya transfa. Kama haipo, fowili hiyo haifai kwa lami. Nenda uwanja mgumu, weka fowili, kata usukani hadi mwisho, zunguka taratibu. Gari likijikaza na matairi yakilia, umepata jibu. Mzunguko mmoja tu, dada, usiendelee.