Kibali cha kumwaga majitaka ya kiwanda: anzia kwenye mfereji, si kwenye fomu

Wengi hunipigia simu fomu ikiwa imejazwa nusu, wamekwama kwenye swali la maji kiasi gani yanatoka na yana nini ndani yake. Weka fomu kando kwanza.

Hatua ya 1: Fuata maji kwa miguu

Chukua ramani ya kiwanda, umchukue na fundi bomba wa siku nyingi, maana ramani hudanganya ila fundi anakumbuka bomba lililohamishwa. Funua kila chemba. Sinki, sakafu, boila, mahali pa kuoshea magari: andika maji ya kila sehemu yanaishia wapi. Ukishindwa kujua, mimina rangi ya fluoresini kidogo, halafu ukasimame kwenye mdomo wa mfereji wa mvua. (Iarifu mamlaka kabla, watu wakiona mto wa kijani simu hazitakatika.)

Kuna kiwanda tulimimina rangi kwenye sinki la kuoshea madumu, tukaenda kuisubiri kwenye tangi la kusafishia maji. Haikufika. Ilitokea kwenye mfereji wa mvua, na meneja alikuwa ameshatia sahihi kwamba mfereji ule hubeba mvua tu.

Hatua ya 2: Hesabu maji

Soma mita ya maji yanayoingia, toa yanayobaki kwenye bidhaa na yanayopotea kama mvuke. Yaliyosalia ndiyo yanayotoka. Hesabu ikikataa, kuna bomba hukuliona. Rudi hatua ya 1.

Hatua ya 3: Chukua sampuli za siku mbaya

Hapa ndipo watu hujidanganya. Chupa moja ya saa nne asubuhi, mitambo ikiwa imetulia, haisemi kitu. Uchafu mzito hutoka wakati wa kuosha mitambo, mara nyingi zamu zinapopokezana usiku, soda kostiki (alkali kali ya kuoshea) ikiirusha pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, juu ghafla. Kusanya sampuli mchanganyiko ya saa 24, kila saa kiasi kinacholingana na mtiririko.

Vipimo vingine havingoji. pH na joto pima palepale. Mafuta na grisi yana chupa yake ya kioo, kwa sababu mafuta hunata kwenye plastiki, na chupa hiyo hujazwa kwa mara moja, haichanganywi. Sampuli ya BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu uliomo majini) iwekwe kwenye barafu, nyuzi 4 hivi, ifike maabara siku hiyohiyo. Kipimo chenyewe huchukua siku 5 gizani kwa nyuzi 20, kwa hiyo usiende maabara wiki ya mwisho ya kuwasilisha maombi.

Lebo iwe na tarehe, saa, mahali na jina la aliyechukua. Kila anayeipokea chupa atie sahihi.

Hatua ya 4: Geuza vipimo kuwa kilo

Chukua kipimo cha maabara (miligramu katika kila lita), zidisha kwa mtiririko (mita za ujazo kwa siku), kisha gawanya kwa 1,000, upate kilo za uchafu kwa siku. BOD ya miligramu 250 katika kila lita kwenye mita za ujazo 120 ni kilo 30 kwa siku. Ukiongeza maji ya bomba mpaka mita za ujazo 240, kipimo kitashuka hadi 125, lakini kilo ni zilezile 30. Mkaguzi anaujua mchezo huo, na vibali vingi hukataza kuzimua.

Hatua ya 5: Sasa jaza fomu

Usiandike namba za kujipendekeza. Namba utakayoandika leo ndiyo huenda ikawa sharti la kibali kesho, basi iwe ile unayoimudu hata siku ya kuosha mitambo. Rasimu ya kibali ikija, angalia kwanza mahali pa kuchukulia sampuli pamewekwa wapi. Pakiwa baada ya majitaka kuchanganyika na maji ya mvua, lalamika kabla hakijatiwa sahihi.

Kibali kikitoka, nakala ya ofisini haitoshi. Mimi hubandika ukurasa wa viwango, pamoja na namba ya simu ya kupiga pH ikivuka kiwango, kando ya swichi ya pampu, kwa sababu opereta wa usiku ndiye anayefungua vali.