Jinsi ya kuomba ruzuku ya AFG kwa mafunzo ya zimamoto na uchunguzi wa saratani nchini Marekani

Kama wewe au ndugu yako mpo kwenye kikosi cha zimamoto Marekani, hasa kile kidogo cha kujitolea ambacho bajeti yake haikidhi, fedha za serikali kuu zipo. Hutolewa na FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia majanga, kupitia ruzuku iitwayo Assistance to Firefighters Grant, au AFG, iliyoanza 2001. Wengi huikumbuka kwa vifaa na magari. Nawasihi muombe pia uchunguzi wa saratani. Mwaka 2022 IARC, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani, iliiweka kazi ya zimamoto katika Kundi la 1, la mambo yaliyothibitika kumsababishia binadamu saratani. Ushahidi ulikuwa mzito kwa saratani ya kibofu cha mkojo na mesothelioma, ile inayoshika utando wa mapafu. Mtu anayeingia kwenye moshi kuokoa jirani yake anastahili kupimwa mapema.

Anza na usajili, tangazo la ruzuku lisikukute hujawa tayari. Kikosi kinatakiwa kiwe na usajili hai kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaoomba fedha zake, ambako hupewa utambulisho wa UEI wenye herufi na tarakimu 12. Usajili huu ni bure na huhuishwa kila mwaka. Jina la kikosi na namba ya mlipakodi viwe vilevile vilivyo kwenye kumbukumbu za kodi, la sivyo mtasubiri sana. Baada ya hapo fungueni akaunti kwenye FEMA GO, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi. Anayeifungua ni yule aliyeorodheshwa SAM.gov kuwa msimamizi wa shughuli za kielektroniki za kikosi. Ikiwa huyo alishaondoka kikosini, badilisheni jina lake leo, kwa sababu dirisha la maombi likifunguliwa halikai wazi muda mrefu.

Amueni mnachoomba. Mafunzo na afya ya askari vimo kwenye fungu moja la Operations and Safety, kwa hiyo mnaweza kuviweka katika ombi moja. Magari yana ombi lake. Kwa mafunzo, yale ya vitendo yanayomfikisha askari kwenye cheti cha jimbo au cha taifa hupewa uzito zaidi, na ruzuku inaweza kulipia pia saa za ziada za anayeshika zamu ya mwenzake aliyekwenda darasani. Kwa afya, FEMA hutazama kwanza kama misingi ipo: uchunguzi wa daktari kwa askari mpya, chanjo za kazini, upimaji wa kila mwaka, na huduma ya afya ya akili. Kama mna pengo hapo, liombeeni pamoja na uchunguzi wa saratani. Zungumzeni na kliniki, mjue vipimo gani vinafaa kwa umri upi, kisha mchukue makadirio ya bei kwa maandishi.

Hesabu ya mchango wenu. Kikosi kinachohudumia watu wasiozidi 20,000 huchangia 5%. Zaidi ya hapo hadi milioni moja, 10%. Kupita milioni, 15%. Asilimia hiyo hukokotolewa kwenye fedha za serikali, si kwenye gharama yote. Mradi wa dola 42,000 katika mji mdogo una maana dola 40,000 za FEMA na 2,000 zenu. Wenye hali ngumu ya uchumi wanaruhusiwa kuomba msamaha wa mchango.

Maelezo ndiyo roho ya ombi. Wanaoyasoma ni watu wa zimamoto kama ninyi, na hutafuta mambo manne: shida ya fedha, mradi na bajeti yake, faida ikilinganishwa na gharama, na jinsi kazi yenu ya kila siku itakavyobadilika. Sentensi kama "tunajali afya ya askari wetu" haiwapi cha kupima. Waambieni mna askari wangapi, wangapi wamevuka miaka 40, bima yenu hailipii nini, mlihudhuria mioto mingapi ya majengo mwaka uliopita, na mapato ya kikosi yanatoka wapi. Kama mlijaribu kutafuta fedha kwingine mkanyimwa, semeni. Mwenzenu akiwa anaugua, msitaje jina lake wala ugonjwa wake kwa namna ya kumtambulisha. Siri yake ni yake hata kama habari hiyo ingewapa alama. Andikeni wenyewe, kwa maneno ya kituo chenu.

Anayebonyeza kutuma awe yule aliyepewa mamlaka kisheria na kikosi. Tumeni siku kadhaa kabla ya mwisho.

Mkipata ruzuku, msikimbilie kutumia: gharama zilizofanyika kabla ya tarehe ya kuanza kwa ruzuku kwa kawaida hazilipwi. Mtatoa taarifa za utekelezaji, na bajeti yenu wenyewe isishuke chini ya 80% ya wastani wa miaka miwili iliyotangulia.

Wakati mnasubiri majibu, kila askari anaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye National Firefighter Registry for Cancer, rejista iliyofunguliwa 2023 chini ya NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini. Ni bure, na inawapokea walio kazini, wastaafu na wa kujitolea, wawe wameugua saratani au hapana.