Pesa ya wazee: vile utamsaidia nyanya yako aingie Inua Jamii na pesa yake isikwame

Kila mwisho wa mwezi napigiwa simu na swali ni lile lile, "eti pesa ya wazee imetoka?" Nami nikimuuliza anayepiga, nyanya yako aliandikishwa lini, laini iliyoandikwa ni ya nani, kipande chake, yaani kitambulisho, kinasema ana miaka mingapi, hajui hata moja. Basi nimeamua kuandika yote hapa mara moja. Nakuandikia wewe mjukuu au mkaza mwana, manake mzee mwenyewe hatakaa asome haya kwa simu, na mara nyingi ni wewe ndiye utatumwa.

Kwanza ujue unaomba nini. Inua Jamii ni pesa ya serikali ya Kenya na ndani yake mna mafungu matatu, moja la wazee wa miaka 70 kwenda juu, la pili la mayatima na watoto walio kwa hali ngumu, la tatu la watu wenye ulemavu mkubwa, yaani yule ambaye bila mtu wa kumshika siku nzima hawezi. Zote ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Na ni 2,000 hiyo hiyo tangu mwaka wa 2011 hivi ilipopandishwa kutoka 1,500, unga umepanda mara ngapi tangu hapo wajua mwenyewe. Wenzetu wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera wana mpango mwingine wa njaa na ukame unaosimamiwa na NDMA, mamlaka ya serikali ya mambo ya ukame, huo una taratibu zake, hapa siuingilii.

Hii ya wazee zamani ilikuwa kijiji kinakaa kuchagua nani maskini zaidi, na mkwaruzano wake mnaujua. Tangu 2018 ikawa umefika 70 na hulipwi pensheni basi unastahili, hakuna wa kuja kuhesabu mbuzi wako. Lakini kustahili na kulipwa ni vitu viwili, na hapa ndipo watu wanaumia. Hakuna kompyuta Nairobi inayoona nyanya yako ametimiza 70 ikaanza kumtumia. Usajili unafunguliwa kwa awamu, chifu anatangaza barazani, watu wanaandikwa, unafungwa tena. Ukikosa awamu unangoja na unaweza kungoja miaka. Kwa hiyo mwenye mzee wa 68 au 69 nyumbani aanze kupanga karatasi sasa hivi, asingoje tangazo.

Karatasi kubwa ni kipande. Miaka inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa kwa kipande, si ile anayoijua yeye. Nyanya yangu alizaliwa "mwaka wa njaa", njaa gani hakuna anayekumbuka, na siku alipoenda kuchukua kipande zamani karani akamtazama uso akamkadiria, matokeo yake kwa karatasi yeye ni mdogo kuliko mdogo wake aliyekuwa akimbeba mgongoni! Tulicheka sana mpaka tulipoona zamu ya mdogo wake imefika na yeye bado. Kurekebisha inawezekana, unaenda ofisi ya usajili wa watu au Huduma Centre na ushahidi wowote wa umri ulio nao, kadi ya ubatizo kama ipo, au barua ya daktari wa hospitali ya serikali ya kukadiria umri. Lakini inachukua muda na nauli. Ushauri wangu, kama kwa karatasi kumebaki mwaka mmoja na kitu afike 70, mwache angoje, ukianza kurekebisha utamaliza wakati huo huo na umechoka. Kama ni miaka mitano hapo panga safari.

Awamu ikifunguliwa unaenda kwa chifu au naibu wake. Beba kipande chenyewe na kopi zake, kipande cha mlezi (huyo namweleza hapo chini) na kopi, namba ya simu ya mzee, na uende na mzee mwenyewe kama anaweza kutembea. Fomu ni ya bure. Narudia, ya bure, anayekuambia kuna mia mbili ya fomu au ya "kusukuma jina" anakuibia, hana jina analosukuma. Na karani akishaandika usiondoke kabla hujasoma herufi moja moja na kufananisha na kipande, manake Mwanajuma na Mwana Juma kwetu ni mtu mmoja lakini kwa sistimu ni watu wawili na wa pili hajulikani. Hata namba ya kipande, msomee kwa sauti tarakimu baada ya tarakimu. Ataona unamsumbua, msumbue tu.

Kwa mwenye ulemavu kuna hatua ya ziada, lazima apimwe na madaktari hospitali ya serikali na asajiliwe na baraza la watu wenye ulemavu, NCPWD. Hiyo anzeni mapema pia, siku za kupima ni chache.

Sasa mlezi. Mlezi ni yule aliyeandikwa pamoja na mzee ili amchukulie pesa akiwa mgonjwa au hawezi kutoka. Watu wanagombana hapa kuliko hata kwa shamba. Kifungua mimba anasema ni yeye, na yuko Mombasa, anakuja Krismasi. Mimi nasema mlezi awe yule anayempikia uji asubuhi, hata kama ni mkaza mwana na wengine wamenuna, kwa sababu siku ya malipo na siku ya kuitwa na chifu ndiye atakuwa karibu. Na mlezi akihama au akianza ujanja mnaweza kumbadilisha, mnaenda naye mzee ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo na kipande cha mlezi mpya, hamhitaji wakili.

Halafu laini. Kuna wazee wanaolipwa kwa akaunti ya benki na kuna wa simu. Kama ni simu, laini iwe imesajiliwa kwa kipande cha mzee mwenyewe, si laini yako wewe "nitakuwa namtolea". Majina yasipolingana pesa haiingii, au inaingia kwako na siku ukifunga safari mzee analala njaa. Na laini ikae ndani ya simu inayowaka, sio imefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku, laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Namba ya siri ajue mzee na mlezi basi.

Kama ni benki basi jitayarishe kwa kidole. Mara ya kwanza nilimpeleka nyanya kwa ejenti wa benki, kaduka kadogo, foleni imezunguka mpaka nyuma ya posho mill, amekaa juu ya mtungi wa maji tangu saa moja asubuhi. Ilipofika zamu yake akaweka kidole gumba, mashine ikalia. Akaweka kingine, ikalia. Ejenti, "Bibi, jaribu cha kushoto." Ikalia. Nyanya akaviangalia vidole vyake kama si vyake, akavifuta kwa leso, akasema, "Mwanangu, hivi vimeishia kwa makuti." Na ni kweli, miaka hamsini ya kusuka makuti na kubangua korosho, ukivitazama ni laini kama kijiko. Mama mmoja aliyekuwa nyuma akatufundisha, osha kwa maji ya vuguvugu, kausha, paka vaselini kidogo sana, futa, ngoja dakika kidogo, weka tena bila kukandamiza. Ikakubali cha nne. Tangu siku hiyo natembea na kikopo. Ikikataa kabisa usikubali kuambiwa "rudi mwezi ujao", nenda tawi lenyewe la benki na kipande, wachukue alama upya.

Na ejenti huyo huyo alitukata hamsini, ati ya chai. Siku hiyo sikusema kitu, foleni ilikuwa ndefu na nyanya amechoka, bado inaniuma. Mzunguko wa malipo uliofuata nikaomba risiti kabla hajahesabu na hamsini ikapotea yenyewe. Omba risiti kila mara, hesabu pesa hapo hapo mbele yake, uandike tarehe na kiasi kwa daftari.

Sasa lile swali la simu, mbona haijaingia. Pesa inatoka Hazina Kuu, inaenda idara ya ustawi wa jamii, ndio inapelekwa benki au kwa simu. Hazina ikichelewa hakuna anayepata, kijiji kizima kimya, na hapo huna la kufanya ila kungoja, ikija mara nyingine huja ya miezi miwili au zaidi pamoja. Kwa hiyo kabla hujapanda boda kwenda kulalamika uliza majirani wawili watatu. Kama wao wamepata na wewe hujapata, basi shida iko kwa jina lako na kungoja hakutasaidia, nenda wiki hiyo hiyo.

Sababu ya kawaida kabisa ni ile ya kuthibitisha uhai. Serikali mara kwa mara inataka kuona mzee yuko hai, kwa sababu kuna marehemu waliendelea "kula" pesa miaka. Chifu anaita, mzee anaenda na kipande. Nyanya aliposikia akaniuliza, "Yaani niende nikamwambie chifu kwamba sijafa?" Ndio nyanya, twende ukamwambie. Asiyetokea anasimamishwa. Kama amelala kitandani mwambie chifu mapema aje nyumbani, usimbebe kwa mkokoteni kama tulivyoona kwa jirani. Sababu nyingine ni kukaa mizunguko kadhaa bila kuchukua pesa, au majina kutolingana.

Unaanzia kwa chifu, halafu ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo. Ukifika usiulize "mbona hajalipwa", utajibiwa "pesa haijatoka". Sema, "Naomba uniangalizie kwa sistimu namba hii ya kipande inaonyesha nini," asome, uandike neno kwa neno. Malalamiko yakichukuliwa omba namba ya lalamiko. Pia kuna simu ya bure 1533, piga mapema asubuhi, na mzee awe karibu nawe.

Na mzee akifariki, najua ni siku ngumu, lakini mpeleke habari kwa chifu na kibali cha mazishi, msiendelee kutoa. Kuna familia hapa kwetu waliendelea miezi minne, wakaja kuitwa warudishe yote, na walikuwa wameshainunulia mabati.

Daftari la nyanya liko ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na kipande, risiti na kile kikopo cha vaselini, na kila mtu nyumbani anajua mkebe ulipo.