Jinsi ya Kusoma Msimamo wa K League 1 ya Korea Kusini

Ukifungua msimamo wa K League 1 mwezi Novemba, unaweza kukuta timu ya saba ina pointi nyingi kuliko ya sita na bado imewekwa chini yake. Hakuna kosa hapo. Ligi hii ina kanuni zake, na karibu kila moja ilitungwa kutatua balaa fulani. Ukilijua balaa lenyewe, kanuni haikupi taabu kuikumbuka.

Anza na kalenda. Msimu hufunguliwa Februari au mwanzoni mwa Machi na kufungwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa sababu Januari ya Korea ni baridi ya kugandisha viwanja. Msimu wa 2025 basi ni mwaka 2025 peke yake, si 2024/25. Kuhusu saa, sisi tumebahatika. Seoul iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa sita kamili, na haibadilishi saa zake majira ya joto. Kwa hiyo mechi ya saa 7 jioni ya kwao huanza saa saba mchana yetu, na ya saa 2 mchana ya kwao ni saa mbili asubuhi yetu. Soma namba ile ile uliyoikuta kwenye ratiba ya Kikorea, uitaje Kiswahili. Wa Lubumbashi, Bujumbura na Kigali wapunguze saa moja.

Kisha hesabu raundi, maana ndizo zinazokueleza uko sehemu gani ya msimu. Timu ni 12, na katika raundi 33 za mwanzo kila timu hukutana na kila mpinzani mara tatu. Tatu haigawanyiki kwa mbili: mechi moja ni nyumbani, moja ugenini, na ya tatu huenda mahali ratiba ilipoipeleka. Kabla ya kusema timu fulani imeanguka mwezi Agosti, angalia imekwenda ugenini mara ngapi kwa wakubwa.

Baada ya raundi ya 33 ligi hukatwa vipande viwili. Timu sita za juu huingia kundi linaloitwa Final A, sita za chini Final B, na kila timu hucheza mechi tano zaidi dhidi ya wa kundi lake tu. Jumla ni mechi 38. Pointi hazifutwi, lakini ukuta kati ya kundi na kundi hauvukwi: wa saba hata akishinda zote tano hawezi kuwa wa sita. Ndiyo maana raundi ya 33 ina presha kama ya fainali kwa timu za nafasi ya tano hadi ya nane. Aliyeponea chupuchupu kuingia juu hana tena hofu ya kushuka daraja. Aliyekosa kwa pointi moja hurudi kupigania roho yake na wa mkiani.

Kosa linalowapata wageni wengi liko kwenye pointi zinapolingana. Kinachoangaliwa kwanza ni mabao ya kufunga, kisha tofauti ya mabao. Kanuni hiyo imekuwapo tangu 2016 na nia yake ni kuzifanya timu zishambulie. Mwaka 2019 Jeonbuk Hyundai Motors na Ulsan Hyundai walimaliza na pointi 79 kila mmoja. Jeonbuk walikuwa na mabao 72, Ulsan 71, na ubingwa ukaenda Jeonju, mji wa Jeonbuk. Siku hiyo ya mwisho Ulsan walihitaji sare tu mbele ya Pohang Steelers, wakafungwa 4-1. Unapopiga hesabu za siku ya mwisho, anza na safu ya mabao ya kufunga.

Sasa jeshi. Wanaume wa Korea Kusini hulitumikia jeshi kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na wanasoka waliochaguliwa hufanya hivyo wakiichezea Sangmu, timu ya jeshi, ambayo huazimwa na mji fulani kwa mkataba: kwanza Gwangju, kisha Sangju, na tangu 2021 Gimcheon. Haisajili wageni wala hainunui mtu. Askari wakimaliza muda wao hurudi klabu zao katikati ya msimu, na kikosi kilichokuwa moto Juni kinaweza kuwa kipya kabisa kufika vuli. Tafuta tarehe za kuachiwa kwa askari kabla ya kutabiri lolote kuhusu Gimcheon.

Timu hii huvuruga msimamo kwa njia mbili. Haipati leseni ya mashindano ya klabu ya Asia, hivyo ikiwa juu nafasi yake huteremka kwa anayefuata: mwaka 2024 Gimcheon walikuwa wa tatu na FC Seoul, wa nne, wakaenda Asia. Pia inaweza kushushwa kwa sababu zisizo za uwanjani. Mwaka 2020 ilimaliza ya nne ikashuka, kwa kuwa mkataba na mji wa Sangju ulikuwa umekwisha.

Kushuka daraja kwenyewe ni jambo la juzi. Ligi ilianza Mei 1983 ikiwa na timu tano, mbili tu kati yake za kulipwa, Hallelujah na Yukong, na kwa miaka 29 hakuna aliyeshuka. Mwaka 2011 iligundulika kuwa makumi ya wachezaji walipanga matokeo kwa fedha za wacheza kamari. Mechi zisizo na cha kupoteza ni rahisi kuuzwa. Msimu uliofuata ligi ikakatwa vipande viwili na kushuka kukaanza, na daraja la pili likaundwa 2013. Kuanzia 2022 hadi 2025 utaratibu ulikuwa huu: wa 12 alishuka moja kwa moja, wa 11 alikutana na wa pili wa K League 2, yaani daraja la pili, wa 10 alikutana na mshindi wa mchujo wa wa tatu, wa nne na wa tano wa daraja hilo, nyumbani na ugenini. Idadi ya timu hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la ligi kila Januari badala ya kutumia hesabu za mwaka uliopita.

Majina ya klabu nayo yana habari. Jina la kampuni au la biashara yake likifuata la mji au mkoa, kama Pohang Steelers na chuma cha POSCO, au Jeonbuk na magari ya Hyundai, fedha ni za kampuni. Daegu, Incheon na Gangwon hutegemea zaidi serikali za maeneo yao, na uchaguzi ukibadilisha meya au gavana, uongozi wa klabu mara nyingi hutikisika. Mwaka 1996 ligi ilizitoa klabu Seoul ili soka lienee mikoani. LG, timu ya kampuni ya jina hilo, wakaenda mji wa Anyang, wakakaa hadi 2004, wakarudi Seoul na kuitwa FC Seoul. Mashabiki walioachwa hawakuhama nao. Mji ukaunda FC Anyang mwaka 2013, ikapanda daraja mwisho wa 2024, na Februari 2025 ikakutana na FC Seoul ligi kuu kwa mara ya kwanza. Seoul walishinda 2-1. Mkizikuta timu hizi mbili kwenye ratiba, acheni hiyo nyingine mliyopanga kuitazama.