Dansi za enzi za Malkia Victoria: anza na adabu, hatua zitafuata

Wengi wanaoingia kwenye maigizo ya historia ya Uingereza ya karne ya 19 wanakimbilia walzi, ile dansi ya wawili wawili wanaozunguka. Wanafungua video, wanahesabu moja mbili tatu wiki nzima, alafu siku ya sherehe wanafika wamependeza kweli ila hawajui wamwombe nani, wamwombe vipi, na muziki ukikata kila mtu anashika njia yake. Kwa watu wa enzi zile kukosea hatua kulisameheka, kukosa adabu hapana. Mi nikifundisha adabu ndo inakuja kwanza, maana yenyewe ndo inayoendesha usiku mzima.

Hatua ya 1: chagueni mwaka
Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, kwa hiyo "enzi za Victoria" peke yake haitoshi. Polka, dansi ya kurukaruka ya wawili wawili, ilivuma London mwaka 1844, sherehe yenu ikiwa ya 1840 iacheni tu. Krinolini, ile fremu ya pete za chuma inayovaliwa chini ya sketi, ilipata hataza 1856, na miaka ya 1870 sketi zikaanza kujaa kwa nyuma badala ya pande zote. Mwaka ndo unaamua gauni, na gauni ndo linaamua unavyotembea.

Hatua ya 2: viatu na glavu
Tafuta kiatu cha soli ya ngozi. Soli ya mpira inashika sakafu, we unageuka mguu unabaki, goti ndo linalipia. Glavu si pambo, wanawake kwa wanaume wote walivaa, na ukumbi ukijaa watu na mishumaa utaelewa kwa nini: mkono wa jasho ungeharibu gauni la hariri mgongoni. Beba pea ya pili.

Kama umevaa krinolini fanya mazoezi nayo nyumbani, hasa kukaa. Ukijitupa kwenye kiti pete za mbele zinainuka na sketi yote inapanda, kwa hiyo sogea taratibu, inua kidogo pete za nyuma, kaa kwenye ukingo wa kiti. Ukitembea piga hatua fupi za kuteleza, usirukeruke, sketi yenyewe itaelea.

Hatua ya 3: kuomba dansi
Mwanaume hamwombi mwanamke ambaye hajatambulishwa kwake. Kwenye sherehe za umma walikuwepo wasimamizi wa kufanya kazi hiyo, kwa hiyo na nyie teueni mtu mmoja mchangamfu anayefahamiana na wengi, wageni wasibaki wamekaa pembeni usiku kucha. Ukishatambulishwa unainama kidogo, unasema "naomba heshima ya kucheza nawe dansi hii", akikubali unaandika jina lako kwenye kadi yake ya dansi, kale kakadi kenye kipenseli cha kamba alichoning'iniza mkononi. Usijaze kadi ya mtu mmoja! Dansi mbili au tatu na mtu huyohuyo zilitosha, zikizidi watu walianza kuulizana mnaoana lini.

Kulikuwa na kanuni kwamba mwanamke akimkatalia mmoja, dansi hiyo asicheze na mwingine. Hii mi silazimishi mtu, kwenye vikundi vya leo hapana ya mtu iheshimiwe bila adhabu. Ila hii nashikilia: dansi ikiisha unampa mkono, unamrudisha kwenye kiti chake, unashukuru, unainama, ndo unaondoka. Ikiwa ndo dansi ya mwisho kabla ya chakula, unampeleka mezani na unamhudumia.

Hatua ya 4: kwadrili kabla ya walzi
Kwadrili ni dansi ya pea nne zinazosimama mraba, sehemu ni tano, na kufikia katikati ya karne watu walikuwa wanazitembea tu bila madoido ya miguu. Kwa mgeni hakuna dansi nzuri kuliko hii. Mnainamiana na mwenzako, alafu na jirani wa upande wa pili, mnaanza. Ukisahau njia nenda polepole umtazame mwenzako machoni, atakuelekeza.

Hatua ya 5: walzi
Mkono wa kulia wa mwanaume unakaa mgongoni mwa mwanamke juu kidogo ya kiuno, bila kumvuta, maana ukiisukuma krinolini mbele inafumka nyuma. Mwanaume anaanza na mguu wa kushoto, anaupitisha mbele ya mwenzake, kwa hesabu tatu mmegeuka nusu. Hesabu ya nne anaingiza mguu wa kulia katikati ya miguu ya mwenzake, nusu ya pili hiyo. Hatua sita, mzunguko mmoja kamili. Nyie mnajizungusha kufuata saa huku mkizunguka ukumbi kinyume cha saa, pea zote mwelekeo mmoja. Kizunguzungu kikija msisimame njiani, sogeeni katikati ya ukumbi mcheze taratibu hapo, wenye kasi wapite nje.